Mchele Upike, Laptopu Ilete

"Fundi, habari za kazi. Laptopu yangu imemwagikiwa chai. Niiweke kwenye mchele siku ngapi?"

Swali hili hunifikia kwenye simu kila wiki, mara nyingine kabla sijafungua mlango wa karakana. Anayeuliza anaweza kuwa mhasibu wa Posta, mwanafunzi wa DIT au mwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo. Maneno ni yale yale. Tiba ameshajichagulia, kwangu anataka kuambiwa dozi tu. Basi dozi ni hii: sifuri. Si siku tatu, si siku moja, si saa moja wakati unasubiri msongamano wa mwendokasi upungue. Laptopu iliyomwagikiwa inahitaji mambo mawili, kukatiwa umeme na kuoshwa, na mchele hauwezi hata moja.

Ndiyo, kuoshwa. Wateja hushtuka nikisema hivyo: kitu kimeharibiwa na maji, fundi naye anataka kukiongezea maji? Tutafika huko. Kwanza tuumalize mchele, maana umeniharibia kazi nyingi kuliko soda.

Imani yenyewe ina asili yake. Jiko gani la Pwani halina kichupa cha chumvi chenye punje za mchele, ili chumvi isigande? Wapiga picha wa zamani katika nchi za joto nao walihifadhi filamu pamoja na mchele. Lakini tazama kazi inayofanyika hapo. Chumvi ile haikumwagikiwa kitu. Inakingwa na mvuke kidogo unaoingia kifuniko kinapofunguliwa. Na wapiga picha waliojua kazi yao waliukaanga mchele kwanza hadi ubadilike rangi, ndipo wakaufungia na filamu kwenye chombo kisichopitisha hewa. Mteja aliyeukaanga mchele wake bado sijamwona. Wanauchota kwenye ndoo ya jikoni, wanaumimina kwenye mfuko wa salfeti, wanaizika mashine humo, wanasema bismillahi.

Sasa mchele huo wa ndoo. Uwe wa Kyela, wa Kilombero au wa Shinyanga, ukifika kwenye mizani ya muuzaji una maji ya asilimia 13 au 14 hivi ya uzito wake. Muuzaji hajakuibia, ndivyo nafaka inavyohifadhiwa. Nafaka hubadilishana unyevu na hewa mpaka vitoshane, na mchele wenye maji kiasi hicho umeshatoshana na hewa yenye unyevu wa asilimia 70 na kitu. Hiyo ndiyo hewa ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya mwaka, na masika yakiingia inazidi. Maana yake mchele wako hauna kiu. Hauwezi kukausha kitu kikawa kikavu kuliko hewa ya chumba ulimokaa. Juu ya hayo, kwa kuifukia laptopu ndani ya kilo tano za punje umeizuia hata hiyo hewa isipite, na maji hukauka upesi pale hewa inapotembea. Feni yako ya mezani, hata kama inakoroma, ina faida kuliko gunia zima.

Tuseme wewe ndiye mteja wa kwanza kuukaanga. Mchele sasa ni mkavu kabisa. Bado lipo swali la njia. Chai iliyopita katikati ya vitufe vya kibodi haikai juu ikisubiri kunyonywa. Inashuka hadi kwenye madabodi, inajipenyeza chini ya chipu zilizoshikizwa kwa vidonge vya risasi vidogo sawa na punje za chumvi, na inang'ang'ania humo kwa sababu nafasi ni nyembamba mno. Kati ya hapo na mchele kuna plastiki, bati, kibodi na karatasi za kukinga joto. Hakuna punje inayofika, wala inayovuta chochote kutoka huko.

Na hata maji yote yakitoka, kilichoyeyuka ndani yake hakitoki nayo. Hili ndilo linalonichosha kulieleza. Soda ina sukari ya gramu 10 hivi katika kila mililita 100. Mililita 20 tu zikiingia ndani zikakauka, zinaacha gramu 2 za sukari juu ya madabodi, nusu kijiko cha chai, pamoja na asidi. Juisi ya miwa haina nafuu. Chai ya maziwa inaacha sukari, mafuta na protini. Dafu, ambalo watu huliona ni maji safi ya Mungu, lina potasiamu tele. Supu ya asubuhi ni chumvi na mafuta. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi unayoionja kwa ulimi, na maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa kila lita. Ukivikausha vitu hivi umevigandisha hapo hapo. Tena sukari na chumvi hazitulii zikishakauka: unyevu wa hewa ya pwani ukipanda zinauvuta, na mabaki yanalowana upya usiku ukiwa umelala. Mteja ananiambia, "Hii ilishakauka, fundi." Kweli, imekauka mara nyingi. Na imelowana mara nyingi.

Lakini adui mkubwa yumo ndani tangu mwanzo, naye ni umeme. Laptopu uliyoizima haijazimika yote. Maadamu betri imeunganishwa, zipo njia za volti 3.3 na volti 5 zinazobaki hai zikisubiri ubonyeze kitufe. Ukichomeka chaja, unaongeza volti 19 au 20. Weka umajimaji wenye chumvi kati ya nukta mbili zenye volti tofauti, na metali itayeyuka upande wa chanya, isafiri, iote upande wa hasi. Shaba inageuka kijani, risasi ya viungio inageuka unga mweupe, na nyuzi nyembamba za metali zinakua kutoka nukta moja kuelekea nyingine mpaka zigusane. Kwenye tone moja lenye volti chache kazi hii huanza ndani ya dakika. Na vinavyoliwa ni vidogo: vipande vingi kwenye madabodi za leo vina urefu wa milimita 0.6 na upana wa milimita 0.3. Kutu haihitaji kula sana ili kimoja kitoweke.

Sasa zihesabu zile siku tatu za mchele. Betri imeunganishwa, mfuko umefungwa, unyevu umebaki ndani. Umeipa kutu siku tatu za kufanya kazi bila kusumbuliwa. Ndiyo maana mashine iliyokuwa imezimwa kabisa, betri iko pembeni, ikazama kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani, nina matumaini nayo kuliko iliyomwagikiwa kikombe kimoja cha chai ikiwa inawaka kisha ikalazwa kwenye mchele.

Sehemu mbaya kuliko zote ni soketi ya waya wa kioo. Humo pini zimepangwa kwa nafasi ya nusu milimita au chini yake. Baadhi zinabeba umeme wa taa ya kioo, ambao kwenye baadhi ya mashine hufika volti 20 na zaidi. Jirani yake zipo njia za picha zinazokwenda hadi kwenye prosesa, na prosesa inafanya kazi kwa volti moja hivi. Tone hapo, mtu akawasha "kuona kama imepona", basi umeme wa taa umeingia kusikotakiwa na prosesa imekufa. Nikikuta hivyo sikuuzii matumaini.

"Mbona ya shemeji ilipona?" Hilo ni swali la pili, na huja sekunde chache baada ya la kwanza. Ya shemeji ilipona kwa sababu mojawapo kati ya hizi. Huenda kilichomwagika kilikuwa kidogo kikaishia kwenye kibodi. ThinkPad, Latitude na EliteBook nyingi tunazouziwa mjini hapa zilizotoka maofisini ng'ambo zina kizuizi chini ya vitufe, na baadhi zina matundu ya kupitishia maji hadi chini, mradi kibodi haijabadilishwa ikawekwa ya bei poa. Huenda yalikuwa maji ya kunywa yasiyo na chumvi nyingi. Au huenda kilichomsaidia ni kule kuacha kuiwasha siku tatu mfululizo. Angeiweka juu ya kabati bila punje hata moja ingepona vilevile, na mchele ukachukua sifa isiyo yake.

Kuna na waliopona kwa muda. Mashine inawaka, familia inashangilia, mchele unarudishwa kwenye ndoo. Baada ya wiki kadhaa kitufe kimoja kinaandika chenyewe, halafu chaji inagoma kupanda, halafu siku moja giza. Hapo analaumiwa mtoto, unalaumiwa umeme wa mtaani, inalaumiwa chaja ya barabarani. Mchele haulaumiwi na mtu. Nikifungua nakuta ukijani chini ya kiungio cha betri na, kando ya feni, punje ya mchele imekaa kimya.

Punje hizo nazo zina hasara yake. Januari 2024 Apple, katika maelekezo yake kuhusu iPhone iliyolowa, iliandika wazi kwamba simu isiwekwe kwenye mfuko wa mchele kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu. Kwa laptopu ni vilevile, tena matundu yake ni makubwa zaidi. Vumbi la wanga likikutana na unyevu linakuwa uji, na uji ndani ya soketi ya chaja nimeuchokonoa kwa sindano, sikuhadithiwa.

Ndugu za mchele niwamalize kwa pamoja. Kuianika juani juu ya bati: kioo na betri havipendi joto hilo, na sukari haipungui kwa jua. Drai ya saluni: inasukuma maji ndani zaidi na kulegeza plastiki. Kuiwasha ili ijikaushe kwa joto lake: hii ndiyo inayoua kuliko zote, rejea soketi ya kioo. Petroli na thina ya rangi: zinakula plastiki, na mivuke yake karibu na betri ni kutafuta moto. Sanitaiza iliyobaki tangu wakati wa UVIKO: ina maji mengi, gundi na gliserini, kwa hiyo unaongeza uchafu juu ya uchafu. Sprei ya kusafishia iliyopulizwa kupitia matundu ya kibodi bila kufungua kitu: umeuhamisha uchafu kutoka pale unapoonekana hadi pale usipoonekana.

Haya, ya kufanya. Soma sasa, maana siku ya tukio hutakuwa na muda wa kusoma.

Zima swichi ya ukutani, kisha chomoa chaja. Usiishike kwa mikono iliyolowa. Bonyeza kitufe cha kuwashia usikiachie hadi mashine izimike, nyingi hazifiki sekunde 15. Kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda, iage. Chomoa flashi, mausi, kila kilichochomekwa. Futa juu kwa kitambaa kinachonyonya. Kama mashine ina matundu ya kutolea maji chini, kama zilivyo ThinkPad nyingi, usiipindue; iache imekaa ilivyo, maji yateremke. Kama ni nyembamba isiyo na matundu, MacBook kwa mfano, ifungue ikae kama hema, kibodi ikitazama chini. Betri ya kuchomoa, ichomoe. Betri ya ndani, kama una bisibisi inayofaa na mkono hautetemeki, fungua mfuniko wa chini utoe kiungio chake. MacBook inataka bisibisi yake ya pembe tano, usiilazimishe kwa kisu. Betri ikivimba, ikipata moto au ikitoa moshi, iache na usogeze watu mbali; hiyo si kazi ya bisibisi tena. Usichaji. Usiwashe "kujaribu tu". Ilete siku hiyo hiyo.

Imetokea Jumamosi usiku, au sikukuu ya Idi na mafundi wamefunga? Betri itolewe, mfuniko wa chini ubaki wazi, feni mbele yake. Chumba chenye kiyoyozi ni bora zaidi, kwa kuwa kiyoyozi hukamua unyevu wa hewa kweli. Huko ni kumsubiri fundi, usikuite matibabu.

Kwa fundi, kabla hujaiacha mashine, uliza matatu. La kwanza: utaitoa madabodi nje na kuvua vifuniko vyake vya bati? Akisema hakuna haja, hakuna kazi itakayofanyika. La pili: utaiosha kwa nini? Hapa wengi wanaanguka. Sukari haiyeyuki vizuri kwenye alkoholi, kwa hiyo anayemwaga spiriti juu ya soda iliyoganda anaing'arisha tu. Soda, juisi na chai huoshwa kwanza kwa maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri ya gari, na hapo uangalifu uwepo yasije yakachanganywa na asidi inayouzwa rafu hiyo hiyo. Betri ziwe zimetolewa zote, hata ile ndogo ya volti 3. Mswaki laini upite kila kona. Baada ya hapo ndipo alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99 ifukuze maji, ikifuatwa na joto la wastani, kisha darubini. La tatu: utapima njia za umeme kwa mita kabla ya kurudisha betri? Anayejibu kwa kukuambia atapuliza blowa dakika mbili, mshukuru kwa muda wake, vuka mtaa.

Bei sitaitaja, inategemea kilichokufa. Kibodi peke yake ni gharama ndogo, na Kariakoo hukosi kibodi ya mashine ya ofisini iliyotumika. Chipu ya chaji au njia moja ya umeme inatengenezeka. Prosesa ikifa, au gharama ikianza kukaribia nusu ya bei ya mashine kama hiyo iliyotumika, mwambie fundi akutolee diski ukanunue nyingine. Waranti? Soma karatasi yako. Umajimaji kwa kawaida haumo.

Diski ndiyo iliyobeba tasnifu yako na hesabu za duka, kwa hiyo elewa tofauti hii. Kwenye mashine nyingi za Windows inachomoka na kusomeka kwenye kompyuta nyingine, ila kama BitLocker imewashwa utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Uutafute leo kwenye akaunti yako ya Microsoft, si siku ya msiba. Kwenye MacBook zilizotoka na chipu ya T2 kuanzia 2018, hifadhi imechomelewa kwenye madabodi na imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya chipu hiyo. Madabodi isipofufuka, data haitoki. Nunua diski ya nje, weka nakala, mchezo umeisha. Na chupa ya maji isipande daladala ndani ya begi moja na laptopu, hata kama kifuniko umekikaza mwenyewe.

Jambo moja zaidi, na hili halihitaji bisibisi. Ukifika, niambie ni nini hasa kilimwagika na saa ngapi. Watu wazima wananiambia "maji tu, fundi", nafungua mfuniko karakana nzima inanuka bia. Mimi si shehe wala mchungaji, na mama mkwe wako simfahamu. Bia ina sukari na asidi yake, maziwa yana mafuta yake, supu ina chumvi yake, na kila kimoja kinaoshwa kivyake. Ukinidanganya nitaanza na dawa isiyo yake, na muda wa kurudia hautoki mfukoni mwangu.